Miaka Yangu na Dayari ya Koti

Watu wa mtaani wakijua kwamba nilikuwa karani wa koti huniuliza habari za mahakimu. Yupi alikuwa mkali, yupi alikuwa na huruma, yupi alikuwa akila. Kuhusu dayari, kitabu cha kupangia tarehe za kesi, hajaniuliza mtu hata siku moja, wala siwalaumu. Ukiingia mahakamani macho hupanda moja kwa moja kwa yule aliyeketi juu, chini ya nembo ya taifa. Hayashuki kwa mtu aliye chini yake, mwenye rundo la faili na kitabu kikubwa kilichofunuliwa. Lakini mie niliyekaa pale chini nawaambieni kwamba sehemu kubwa ya kesi yako ilikuwa kwenye kile kitabu.

Tazama ilivyokuwa. Kijana amesomewa shtaka, amekana. Amepewa bondi ya laki moja, hana. Hakimu anainama: "Karani, tarehe." Nafungua dayari. Wiki ya tatu kuna siku iliyojaa, lakini najua kesi mbili za siku hiyo hazitasikizwa kwa sababu shahidi ni askari aliyehamishiwa Turkana. Kuna siku nyingine miezi minne mbele, nyeupe kabisa. Nikitaja ya kwanza, kesi ya kijana itasikizwa upesi. Nikitaja ya pili, atakaa mahabusu katika gereza la Shimo la Tewa miezi minne. Ataletwa kutajwa kila baada ya wiki mbili, kama sheria itakavyo, na kurudishwa na lori lile lile, lakini hakuna shahidi atakayeitwa. Hakimu hana habari na hesabu hiyo. Anaandika nilichosema, anaita kesi nyingine. Hakuna sheria iliyovunjwa, hakuna aliyetukanwa, na miezi mitatu na zaidi ya maisha ya mtu imekwenda.

Wenye mji walilijua hilo zamani. Ndiyo maana asubuhi kabla ya saa tatu, orodha ya kesi ikiwa haijabandikwa ubaoni, makarani wa koti tulikuwa na marafiki wengi. Huyu akuletea salamu za wakili wake, huyu akuuliza watoto hawajambo, huyu hana analotaka ila kukununulia chai. Wengine walitaka tarehe ya karibu. Wengi zaidi, na hili huwashangaza watu, walitaka tarehe ya mbali. Anayekalia mali ya mwenzake haogopi kesi, anaogopa siku ya kusikizwa.

Niliingia kazini mwaka 1986. Kijana wa Mombasa wakati huo aliota Bandari: mshahara, ovataimu, na heshima ya kupita lango la Kilindini na kitambulisho kifuani. Mie pia. Ami yangu alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali na ndiye aliyeniletea habari kwamba kotini kunatakiwa makarani. Cheti cha kidato cha nne ninacho, mwandiko wangu wasomeka. Nikaenda nikidhani ni kazi ya mwaka mmoja hadi Bandari waniite. Nimestaafu 2024, na Bandari hawajaniita.

Walinianzisha masjala, kunakotunzwa faili. Asiyewahi kukaa masjala ya koti ya pwani hawezi kujua jinsi hewa ya bahari inavyoichukia karatasi. Karatasi zalegea, pini zashika kutu na kuacha alama nyekundu juu ya jina la mshtakiwa, wino wa kale wavuja. Mvua za masika zikianza, kazi ya kwanza asubuhi ni kutazama dari, kisha kutazama chini ya dari. Feni ukiiwasha yapeperusha nyaraka, ukiizima wewe mwenyewe walowa jasho hadi wailowesha faili. Kila karani alikuwa na kipande chake cha jiwe la matumbawe mezani cha kukandamizia karatasi, na jiwe la mtu haliguswi.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa karibu kustaafu. Alikuwa mtu wa Mji wa Kale, mfupi wa maneno. Siku ya kwanza aliniweka mbele ya rejista tatu. Ya kwanza ni ya kesi: nambari, mwaka, majina, shtaka. Ya pili ni ya vielelezo: panga, simu, bangi, nguo yenye damu, kila kitu na kesi yake. Ya tatu ni ya mwendo wa faili, yaani faili imetoka masjala saa ngapi, imekwenda kwa nani, nani ametia saini, imerudi lini. Akanigongea hiyo ya tatu kwa kidole: "Hizi mbili wataka kuzijua ili ufanye kazi. Hii wataka kuijua ili usifungwe."

Yeye alipenda historia, na saa ya chakula alinipa darasa bila ya mimi kuomba. Jengo la mahakama ya zamani lile lililo karibu na Ngome ya Yesu, ambalo sasa liko mikononi mwa Makavazi, lilijengwa 1902. Ngome yenyewe ilikuwa jela hadi 1958. Alisema Mwingereza alikuwa bahili wa nauli: mtu akitoka kuhukumiwa, jela aiona. Alinieleza pia kwa nini pwani tuna Kadhi kwenye mfumo wa serikali. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akaja kuusimamia kwa mkataba wa 1895, na Oktoba 1963, kabla ya uhuru, Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, wakaandikiana kwamba mahakama za Kadhi zitabaki. Leo imo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170: ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi, baina ya Waislamu wanaokubali kwenda huko.

Nilipitia koti ya Kadhi kwa muda. Wanaoamini kuwa ile ni mahakama ya wanaume hawajakaa kwenye kile kiti. Madai mengi niliyoyafungulia faili pale yaliletwa na wanawake: masurufu hayaji, mume kaenda Uarabuni hajulikani alipo, mali ya marehemu imekaliwa na ndugu wa kiume. Mirathi nayo hutaka karani mwenye hesabu. Mjane mwenye watoto ana thumni, yaani fungu moja la nane, mama wa marehemu ana sudusi, fungu moja la sita, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Huko watu huelewana na koti kwa lugha yao. Kwenye mahakama za hakimu mambo huwa mazito zaidi: shahidi asema kwa Kigiriama au Kiduruma, karani au mkalimani asema kwa Kiswahili au Kiingereza, hakimu aandika kwa Kiingereza kwa mkono wake, na hicho kilichoandikwa ndicho kitakachokwenda rufani. Mimi nilikuwa nikitafsiri asubuhi nzima na kurudi nyumbani sitaki kusema na mtu. Mke wangu alidhani nina kiburi.

Kuhusu faili zinazopotea niseme kidogo zaidi, kwa sababu ndipo wasomaji wengi walipoumizwa. Sitataja kituo, nimefanya kazi katika vituo kadhaa na uhamisho pwani ni jambo la kawaida. Njia ni nyepesi mno. Faili haihitaji kuchomwa wala kubebwa nyumbani. Yachomekwa tu katika bunda la mwaka mwingine. Masjala ina maelfu ya faili, na kesi ya mwaka 1994 ikikaa kati ya kesi za 1997, imekufa. Kesi itaitwa, faili haipo, hakimu atapanga tarehe nyingine. Haipo tena, tarehe nyingine tena. Baada ya muda mdai atachoka au atakuja mtu kumwambia kuwa kuna kijana hodari wa kutafuta, ampe nauli. Kijana huyo huwa hatafuti sana.

Kulikuwa na bi mkubwa mmoja wa Majengo ambaye kesi yake siwezi kuisahau. Alikuwa na nyumba bila ardhi. Kwa wasomaji wa bara naeleza, maana jambo hili ni letu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi za pwani: kila anayedai ardhi ajitokeze aandikishwe. Wenye uwezo na wenye kuelewa wakaandikisha, wengi wa waliokuwa wakilima na kuishi pale hawakuandikisha. Ndipo Mombasa ikawa na mitaa ambamo mtu ajenga nyumba yake mwenyewe, ya vyumba sita na ukumbi katikati, juu ya kiwanja cha mtu mwingine, na kumlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyumba ni mali yako, unaiuza, unairithisha. Ardhi si yako. Kiwanja kikipata mwenyewe mpya, mabishano yaanza.

Na tazama lilivyokuwa likitugonga hata kwenye kesi za jinai. Mama aja kumdhamini mwanawe. Ana nyumba ya thamani kuliko bondi yenyewe, lakini hana hati ya ardhi ya kuiweka kotini. Kijana wa shamba kubwa atoka kwa hati ya babake, kijana wa Majengo alala ndani na nyumba ya mamake ikiwa imesimama pale pale. Nimeyaona hayo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Basi yule bi mkubwa. Mwenye kiwanja mpya alitaka ahame, naye kesi yake ikawa haisikizwi. Kila tarehe faili haionekani. Alikuwa akija na buibui lake na chupa ya maji, anakaa benchi ya mbele kwa sababu haoni vizuri, na akiambiwa haipo anasema, "Haya, mwanangu, mwanipa siku gani?" bila ugomvi. Siku moja nikafungua rejista ya tatu. Ilionyesha faili imetoka kwenda kuchapwa na haikurudi. Waliokuwa wakichapa hawakuwa nayo. Nikaanza kwenye mabunda, jioni baada ya kazi, nikitafuta nambari yake ikiwa imepinduliwa, kwa kuwa wazembe na wajanja hukosea kwa namna moja. Nikaipata mwaka mwingine kabisa. Nikaitia kwenye rejista kwa wino, saa na saini, na kesho yake nikaipeleka kwa hakimu mwenyewe mkononi.

Sikuuliza ni nani. Miezi michache baadaye barua ya uhamisho ikaja. Sisemi moja lilileta jingine. Barua za uhamisho huja tu.

Msomaji atataka kujua kama alishinda. Hakushinda. Ushahidi ulisikizwa, mkataba wa kiwanja ukasomwa, akapewa muda wa kubomoa na kuchukua mabati, milango na boriti zake. Nimeulizwa na mwanangu kama basi ilikuwa na faida gani. Nilimjibu kwamba bibi yule alishindwa na sheria, na sheria yaweza kubadilishwa bungeni. Kabla ya hapo alikuwa akishindwa na mkono wa mtu aliyesogeza faili.

Oktoba 2003 ilikuja ile iliyoitwa upasuaji mkubwa wa mahakama. Kamati iliyoongozwa na Jaji Ringera ilitaja majaji 23 na mahakimu 82 kwa tuhuma za ufisadi na utovu wa maadili. Majaji watano kati ya tisa wa Mahakama ya Rufani, na nusu ya wale wa Mahakama Kuu. Siku zile vyumba vya mahakimu vilikuwa kimya. Wengine walijiuzulu, wengine walipigania majina yao na baadhi walisafishwa. Maoni yangu, na sijawahi kuyabadilisha, ni kwamba ule upasuaji uliishia kiunoni. Walitazama wanaoandika hukumu, masjala wakaipita. Aliyekuwa akiuza tarehe Jumatatu aliendelea kuziuza Jumanne.

Kesi za maharamia zilikuja kutuonyesha kwamba dayari ina adabu yake. Mwaka 2006 Wasomali kumi walioshikwa baharini na manowari ya Marekani walihukumiwa hapa Mombasa, miaka saba kila mmoja. Baada ya Kenya kuafikiana na Umoja wa Ulaya mwaka 2009 wakaja wengi zaidi, na Juni 2010 ukafunguliwa ukumbi wa mahakama wenye ulinzi mkali pale Shimo la Tewa, uliojengwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Watu walitazama bunduki na waandishi wa kigeni. Karani aliangalia jambo jingine: shahidi wako ni baharia wa kivita, na meli yake iko doria. Hapo ukitaka tarehe huangalii dayari yako, waangalia safari ya manowari ya nchi nyingine. Mkalimani wa Kisomali naye hana budi awepo siku hiyo hiyo, na mawakili, na washtakiwa. Novemba 2010 Mahakama Kuu ikasema hatuna mamlaka juu ya yaliyotendeka nje ya maji yetu. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ikageuza. Katikati ya hapo tulikuwa na faili ambazo hakuna aliyejua aziweke rafu gani.

Mambo mengine niyapite. Wazee wa baraza waliokuwa wakikaa na jaji kwenye kesi za mauaji waliondolewa 2007, na hakuna karani aliyelia, maana kuwakusanya wazee watatu siku moja ilikuwa kazi. Mwaka 2009 umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka 55 hadi 60, na vijana waliokuwa wakisubiri viti vyetu walitununia. Katiba ya 2010 ikasema kila mshtakiwa anaweza kupata dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito, hata wa mauaji na wa wizi wa kimabavu, ambao zamani hawakuwa wakiomba.

Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Muruatetu kwamba jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji. Wafungwa wakaanza kuandika barua waombe kuhukumiwa upya. Barua kwa mwandiko wa gerezani, kila moja na nambari ya kesi ya miaka ya nyuma, na kila moja yataka faili. Tukaingia stoo. Pini za kutu, karatasi zilizoshikana, kurasa ambazo lazima uzifungue kwa kisu taratibu. Vijana walioajiriwa karibuni waliona ni adhabu. Kwangu mie, zile jioni nilizokuwa nikikunja uso kwa karani mwenzangu aliyeacha faili sakafuni zililipwa hapo. Mtu amekaa ndani tangu enzi za Moi, na kuonekana kwake tena mbele ya jaji kunategemea kama kuna aliyeirudisha faili yake mahali pake.

Machi 2020 korona ilifunga milango na mahakama ikahamia kwenye kioo. Mahabusu wakaonekana wakiwa Shimo la Tewa, wamejipanga mbele ya kamera, na kazi yangu ikawa kumwambia wakili azime maiki, jogoo wake anasikika. Nairobi walianza kufungua kesi kwa mtandao Julai mwaka huo, na kufikia 2024 ikawa nchi nzima. Nyaraka zaingia zenyewe, ada yalipwa kwa simu, kila aliyegusa faili aacha alama. Kuiingiza faili ya 1994 katika 1997 hakuwezekani tena. Nimefurahi, na nasema hivyo wazi kwa sababu wenzangu wengi wa rika langu hujifanya wanaililia karatasi. Wanacholilia wengine ni chai.

Lakini ile rejista mpya haina benchi ya mbele. Mama avuka feri kutoka Likoni na mulika mwizi yake, simu ndogo isiyo na intaneti, aambiwa kesi yake iko kwenye mtandao. Aenda saiba, duka la intaneti, karibu na koti, kijana amfungulia akaunti kwa barua pepe ya kijana mwenyewe na kumtoza. Taarifa ya tarehe ikitumwa, yaenda kwa kijana. Kuna madawati ya kusaidia watu, na makarani wengi wa siku hizi ni waungwana kuliko tulivyokuwa sisi, ila foleni ni ndefu na mama ana samaki wa kuuza. Mlango wa rushwa umetoka masjala, umekwenda kukaa saiba.

Kwa hiyo, wenye kesi, na mnaonipigia simu usiku kana kwamba bado nina dayari mkononi: usitoke mlango wa koti kabla hujaandika tarehe yako na nambari ya kesi kwenye karatasi yako mwenyewe. Akaunti ifunguliwe kwa nambari yako ya simu, si ya kijana wa saiba, na neno la siri ulijue wewe. Risiti ya ada ihifadhi hata kama ni ya shilingi hamsini. Mwenye ndugu mahabusu aulize kama amri ya kumleta kotini imetumwa gerezani, aulize siku mbili kabla, kwa sababu ikisahaulika ndugu hatapandishwa lori na kesi itaahirishwa. Na kama kesi yako ni ya zamani, ya karatasi, ukaambiwa faili haionekani, usibishane juu ya faili. Omba uonyeshwe rejista ya mwendo wake, usome jina la mwisho lililotia saini, kisha mwandikie Naibu Msajili au afisa msimamizi ukilitaja jina hilo na tarehe yake, na ubaki na nakala.